Sitaki

Saa moja na robo asubuhi, Utaani, Wete,
na Kaije amelala chali katikati ya njia.
Kiatu kimoja mguuni,
cha pili kimerukia mtaroni.
Honda ya mkate imesimama, kijana anapiga honi.
Nampungia: pita kando, mwanangu,
huyu haamki kwa honi.

"Sitaki."

Ana miaka kumi na mmoja.
Zamani nilimtia begani kama tairi tukaenda zetu.
Sasa nikimbeba ananing'ata,
na mgongo wangu nao
umeanza kusema sitaki.

Bi Mgeni wa duka la mafuta ya taa anatoa kichwa:
"Samaki mkunje angali mbichi, Khatibu."
Kila siku ananikunjia samaki yule yule.
Nilishamkunja, Bi Mgeni.
Mwaka juzi, Ramadhani, kumi la mwisho,
alipoumwaga uji wa futari juu ya jamvi la wageni,
nilishika mpira wa ndani wa baiskeli
nikamchapa nao mara tatu.
Hakulia.
Mpira uliponiponyoka aliuokota, akaunusa,
akaniletea,
kama mtu anayemrudishia mwenzake kilichomdondoka.
Tangu siku ile mipira naitundika juu kabisa ya kibanda.
Si yeye asiifikie. Mimi.

Tulimpeleka kote.
Kombe alilitema, zafarani ikachora ukuta,
ipo hadi leo, nyuma ya kabati.
Daktari wa Chake aliandika karatasi ndefu;
Mize aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaitia kwenye kopo pamoja na cheti cha kuzaliwa.
Wengine walisema jini, wengine walisema damu,
shangazi yangu alisema ni pweza aliyeliwa wakati wa mimba.

Na neno hakuwa nalo.
Mwaka wa pili, wa tatu, wa tano,
wenzake wa rika moja wanasoma Juzuu Amma,
yeye ana mlio tu, kama spoki inayokatika.
Mize akaweka nadhiri:
siku mtoto huyu atakapotamka,
neno lolote, hata tusi,
sinia zima la halua litakwenda msikitini.

Likaja Jumatano, baada ya adhuhuri.
Mimi nimeshika kijiko cha uji,
yeye kafunga mdomo kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu.
Ukafunguka.
"Sitaki."
Safi. Kila silabi mahali pake,
kana kwamba alikuwa akilinoa gizani miaka sita.
Mize akapiga kigelegele,
majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa,
wakamkuta mtoto amenuna
na watu wazima wawili wanalia.
Halua ililiwa. Imamu akauliza, neno gani?
Tukatazamana.
"Kakataa, shekhe," Mize akasema.
"Kakataa vizuri sana."

Basi nakaa chini, kando yake. Lami ishaanza kupata moto.
Baiskeli naipindua, magurudumu juu,
la nyuma nalizungusha kwa kidole.
Hanitazami. Anatazama spoki zinavyopotea
zikawa ukungu mmoja wa fedha.
Mwalimu Raya atasema tumechelewa tena, na kweli tumechelewa.
Kibandani kuna mtu wa pancha ananisubiri tangu alfajiri,
pengine ameshakwenda kwa Shaame.

"Kaije, skuli?"
"Sitaki."
"Kiatu?"
"Sitaki."
"Tukae?"

Gurudumu linapunguza mwendo.
Spoki zinarudi, moja moja, naweza kuzihesabu.
Kimya.
Ananyoosha mkono, analizungusha mwenyewe,
kwa nguvu kuliko mimi.

Nyuma yetu honi nyingine.
Na kiatu bado kiko mtaroni, kinajaa maji.